Raha: neno la mwili uliotua mzigo

Asubuhi moja pale soko la Feri, Dar es Salaam, nilimwona mchukuzi akitua tenga la samaki alilokuwa amelibeba kichwani tangu kwenye ngalawa. Alinyoosha mgongo, akavua kata, akajimwagia kopo la maji utosini, akafumba macho na kusema neno moja tu: "Raha!" Alikuwa bado hajalipwa, hajala, na tenga la pili lilikuwa likimsubiri. Siku iliyotangulia nilikuwa nimelisikia neno hilohilo kwenye misa ya mazishi, padri akiongoza na waumini wakiitikia: "Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie." Kati ya jeneza na tenga la samaki pana umbali mkubwa, lakini hakuna aliyeshangaa kwamba neno moja linatumika pande zote mbili, wala hakuna aliyedhani kwamba mchukuzi yule amekufuru.

Aliyeshangaa ni mhariri mmoja. Kijana anayefasiri vijarida vya afya ya uzazi alinionyesha rasimu yake, ambamo neno raha lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu kila mahali lilipohusu kitanda cha mke na mume, na pembeni pameandikwa "lugha ya mtaani". Mahali pake palikuwa pamewekwa "msisimko chanya wa kimwili". Nimelitafakari shauri hili kwa siku kadhaa, na hoja yangu ni kwamba mhariri huyo amekosea mara mbili: kwanza kuhusu asili ya neno, na pili, kosa ambalo ni kubwa zaidi, kuhusu kile ambacho Waswahili wanakisema wanapolitamka.

Raha ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na huko lilikotoka maana yake ya kwanza ni pumziko. Shina lake ni la konsonanti tatu, re, wau na ha, na shina hilo limezaa ukoo mpana ambao sehemu yake kubwa imo katika Kiswahili bila sisi kuutambua. Roho ni nduguye. Starehe ni nduguye, kwa maana inatokana na kitenzi cha kutaka au kupata mapumziko, na ndiyo sababu tunaposema "raha mustarehe" tunalirudia shina moja mara mbili kwa ajili ya kukazia. Tarawehe, ile sala ya usiku wa Ramadhani, nayo ni ya ukoo huohuo: ni wingi wa neno lenye maana ya kipumziko kimoja, kwa sababu wanaosali hukaa kitako na kuvuta pumzi kila baada ya rakaa nne. Hata pepeo, kile kifaa cha kujipepea, kwa Kiarabu huitwa mirwaha, kutokana na shina hilo ambalo pia hubeba maana ya upepo. Kwa hiyo, kabla neno raha halijavuka bahari lilikuwa tayari limebeba picha moja iliyokamilika: mtu aliyechoka, ameketi, anavuta pumzi, na upepo unampiga.

Wazee wa pwani walikuwa na adabu moja iliyoihifadhi maana hii vizuri. Ukiingia barazani na mwenyeji akataka kuinuka kwa heshima yako, unamwambia "Starehe!", yaani kaa hivyohivyo ulivyokaa, usijisumbue. Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliliandika neno hilo kwa matumizi hayohayo. Leo ukimwambia kijana wa Manzese "Starehe!" bila maelezo, atadhani unamwalika baa.

Inafaa kulinganisha na majirani wa bahari yetu. Mwindonesia anayetaka kupumzika husema istirahat, na Mmalai husema rehat. Maneno yote mawili ni ya ukoo uleule, na yamebaki palepale penye pumziko. Katika nchi za Ghuba, istiraha ni nyumba ya kupumzikia, na pengine kituo cha wasafiri kando ya barabara kuu. Mturuki naye ana rahat, hali ya kukaa vizuri bila bughudha, na ile haluwa yake laini ya vipande vilivyonyunyiziwa sukari, lokum, ilipata jina kutokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya raha ya koo. Hapo pumziko limekwisha kuanza kuteleza kuelekea utamu, lakini limeteleza kooni tu. Kwetu limeteleza mwili mzima.

Kwa nini kwetu? Jibu langu ni kwamba Kiswahili hakikuwa na upungufu wa neno la kupumzika. Tulikuwa na pumzika, kitenzi kinachotokana na pumzi, ambacho kinaeleza kitendo chenyewe kwa ukamilifu. Neno geni lilipofika lilikuta kiti kimekaliwa, na likapewa kazi ya jirani: si kitendo cha kupumzika, bali kile kinachohisiwa na aliyepumzika. Ushahidi mzuri wa mgawanyo huo umo katika Injili ya Mathayo, sura ya 11. Katika Kigiriki, aya ya 28 na ya 29 zinatumia neno la shina moja, kwanza kama kitenzi na kisha kama nomino. Wafasiri wa Kiswahili hawakuweza kufanya hivyo na wakabaki na Kiswahili chenye uhai. Wakaandika kwanza "nitawapumzisha", na katika aya inayofuata "mtapata raha nafsini mwenu". Walihisi, kama anavyohisi kila mzawa wa lugha hii, kwamba kupumzishwa ni jambo linalotendwa, na raha ni jambo linaloonwa.

Nimesema linaloonwa, na si kwa bahati. Mtu haifanyi raha. Anaiona, anaisikia, anaipata, anapewa au ananyimwa. Inakaa katika jamii moja na njaa, baridi, aibu na uchungu, mambo ambayo Kiswahili kinayachukulia kuwa yanaujia mwili nao unayashuhudia: nimeona njaa, nimeona aibu, nimeona raha. Hapo ndipo raha inapotengana na utamu, ingawa watu wengi huyachanganya maneno haya mawili yanapohusu mapenzi. Utamu umo ndani ya kitu. Embe lina utamu hata likiwa bado mtini na hakuna aliyelionja. Huwezi kusema embe lina raha. Unaweza tu kusema kulila ni raha, na hapo umekwisha kuhama kutoka kwenye embe kwenda kwa mlaji. Kadhalika mtu huitwa mtamu kwa jinsi alivyo kwa mwenzake, ambapo raha ni jinsi mwenzake huyo anavyojikuta. Utamu huisha ulimi ukisuuzwa, lakini raha hubakia kitambo, na pengine kilele chake huja baada ya jambo lenyewe kwisha, kama anavyojua kila aliyewahi kulala usingizi wa mchana baada ya kuoga maji ya kisima wakati wa kaskazi.

Kipimo kingine ni kukanusha. Ukisema "sina raha", hakuna atakayedhani kwamba umekosa burudani. Atakuuliza kama unaumwa, kama umepata habari mbaya kutoka nyumbani, kama mmegombana na mwenzako. Sina raha maana yake kuna kitu kinanikalia. Hakuna asemaye "sina anasa" akimaanisha hivyo, wala "sina uhondo". Hii inaonyesha kwamba kwa mzungumzaji wa Kiswahili raha ndiyo hali ya kawaida ya mwili na moyo ambao hauna mzigo, na kwamba kinachohitaji maelezo ni kukosekana kwake. Raha ya mwili kwa maana hii haijengwi kwa kuongeza kitu juu ya kitu. Hupatikana kwa kuondoa. Chukua kujikuna. Wahenga waliosema mtu hujikuna ajipatapo walikuwa wanazungumzia uwezo na mipaka yake, lakini hebu fikiria kitendo chenyewe: pale kati ya mabega ambapo vidole havifiki, mtoto anakuja na kijiti, anakuna kidogo juu, kidogo kushoto, hapohapo, na mtu mzima anatoa sauti ambayo angeona haya kuitoa mbele ya wakwe. Hakuongezewa chochote. Ameondolewa muwasho. Au chukua funda la kwanza la maji magharibi ya Ramadhani, likifuatana na tende moja. Wapishi wanahangaika na futari tangu alasiri, maharage ya nazi, mihogo, tambi, na yote hayo ni matamu, lakini raha ilikwisha kupita na lile funda.

Kwa mtazamo huu matumizi ya neno hilo kwa mapenzi ya kimwili hayakuzuka mtaani wala hayakuja na muziki wa vijana. Ni matokeo ya maana yenyewe. Kiswahili kina kundi kubwa la maneno ya kabla: hamu, uchu, shauku, tamaa, ashiki, na nyege, ambalo ni zito kulitamka mbele ya watu ingawa kamusi hulitaja bila woga. Yote haya yanaeleza mwili ulio na deni. Raha ndilo neno la deni lililolipwa. Aliyefikiri kwamba neno hili ni chafu kwa sababu linatumika kitandani anapaswa kujiuliza ni kwa nini lugha haikuchukua mojawapo ya yale mengine, ambayo yalikuwa karibu zaidi. Kuna neno lililokwenda njia ya kinyume, nalo linasaidia kulinganisha. Kwa Kiarabu shahwa ni matamanio, jambo la nafsi. Lilipofika kwetu likawa shahawa, na sasa ni umajimaji tu, neno la maabara na la wanafunzi wa biolojia. Shahawa liliteremka kutoka moyoni hadi mwilini na likaganda huko. Raha lilianza mwilini, kwenye miguu iliyochoka, likapanda hadi kwenye sala ya wafu, na bado linashuka na kupanda kila siku bila kupotea njia.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo kuhusu sikio. Raha, furaha na karaha zinaishia sauti moja, na watunzi wa mashairi wamezitumia kwa vina hivyo kwa muda mrefu. Si ndugu. Furaha ina shina lake, karaha lake, na zaidi ya hapo ha ya karaha si ha ya raha katika Kiarabu. Ni herufi mbili tofauti ambazo ulimi wetu umezifanya moja. Mshairi wa Kiarabu asingeweza kuzifungia kina kama tunavyofanya sisi. Lakini lugha haiishi kwa nasaba peke yake, na ninaamini kwamba kule kusikika kwa raha ndani ya furaha na ndani ya karaha kumelipa neno hili mwangwi ambao halikuja nao: kila tukilisema, tunasikia kwa mbali mwenzake mzuri na mpinzani wake.

Na ni neno la dola pia. Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotungwa mwaka 1963, unamwomba Mungu haki, undugu, amani na uhuru, kisha unamalizia ubeti wa kwanza kwa "raha tupate na ustawi". Maneno ya Kiingereza ya wimbo huohuo, mahali hapo, yanaomba neema tele ndani ya mipaka ya nchi, na raha haimo. Nimeipenda tofauti hiyo tangu niliposikia kwamba sauti ya wimbo ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto. Taifa zima linasimama wima, mikono imenyooka ubavuni, na kuomba raha kwa sauti iliyotungwa kumlaza mtoto mchanga. Unguja nako, huko Ng'ambo, mtaa mzima unaitwa Rahaleo, jina ambalo ni kama mtu ameamua kutoingoja kesho; na hapohapo kwenye kituo cha redio ndipo sauti ya Mapinduzi ilipotangazwa Januari 1964. Wakazi wake wanalitamka jina hilo kila siku kwa makondakta bila kuwaza raha wala Mapinduzi, na ndivyo yanavyokuwa majina ya mitaa.

Lawama ya mhariri ingekuwa na uzito zaidi kama angeielekeza kwa starehe. Neno hilo ndilo lililoharibiwa, na tumeliharibu sisi. Kutoka kwenye "usijisumbue" ya barazani limekuwa sehemu za starehe, mtu wa starehe, na ile kauli isiyo na huruma, "starehe gharama". Likikaa peke yake sasa linanuka bia na moshi, isipokuwa Nairobi, ambako limebaki na heshima yake kama jina la jimbo na la shule. Anasa lilikwenda mbali zaidi: asili yake ni kuliwazana, kuondoleana upweke, na leo ni dhambi kwa wahubiri na ni bidhaa ya kutozwa kodi kwa wizara ya fedha. Raha limesalimika kwa kiasi kikubwa, ingawa vitenzi vinavyolizunguka vimebadilika. Zamani iliwatosha watu kuiona na kuipata. Sasa wanaila, wanaiponda, wanaitafuta usiku kwa tochi. Kuponda raha ni usemi wa ajabu ukiutazama kwa karibu, maana unaifanya raha kuwa kitu kigumu kinachohitaji mchi. Vijana wa Dar es Salaam wanaposema kula bata, na wenzao wa Nairobi wanaposema kujibamba, nadhani wanafanya busara bila kukusudia: wanaipa ile pilikapilika jina lake lenyewe na kuiacha raha ipumzike.

Jambo ambalo linanisumbua zaidi katika matumizi ya neno hili ni la nani humpa nani. Kwa kuwa raha hupewa, lazima pawe na mpaji. Mwana Kupona, katika utenzi aliomtungia binti yake mwaka 1858, anamfundisha namna ya kumtunza mume: akilala asimwamshe, amkaribie na kumpapasa, na asikose wa kumpepea. Ni picha ileile tuliyoikuta katika shina la Kiarabu, mtu amejinyoosha na upepo unampiga, na ni mojawapo ya picha za upole mkubwa katika fasihi yetu ya zamani. Lakini aliyejinyoosha ni mmoja, na anayepepea ni mwingine, na utenzi hauulizi mkono wa mpepeaji unachoka lini. Makungwi wamelifundisha somo hilo kwa vizazi, kwa singo, udi na kiuno, na kwa haki yao niseme kwamba wengi wao hawakumfundisha mwari kutoa tu. Walimfundisha pia kuujua mwili wake. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku "mpe raha mumeo" ni nasaha ambayo utaisikia kwenye kila sherehe ya kumfunda bibi harusi, na "mpe raha mkeo" ni nadra kuisikia popote wanaume wanapomkalisha bwana harusi. Wanamfundisha kulisha, kuvisha na kuvumilia. Hapo neno halina kosa. Sarufi yake inamhitaji mpaji, na jamii imeamua mpaji awe nani.

Ndiyo maana naisoma kwa makini zaidi ya wengine kauli inayoandikwa nyuma ya bajaji, "Raha jipe mwenyewe". Wahubiri wanaiona kuwa ni ubinafsi. Lakini itazame kwa sarufi: kitenzi ni kilekile cha kupa, mpaji bado yupo, isipokuwa sasa mpaji na mpokeaji ni mtu mmoja. Mara nyingi niliyemsikia akiisema ni mwanamke wa makamo, mtaani, akiwaambia wenzake kwamba leo hapiki. Hatafuti baa. Anataka kukaa mkekani na kunyoosha miguu, na anajua kwamba asipojipa hakuna atakayempa.

Nikamrudishia kijana rasimu yake pamoja na ushauri wangu: "msisimko chanya wa kimwili" hautaeleweka na mwenye kuusoma wala mwenye kusomewa, wenye ndoa wanajua raha ni nini, na kijarida kinachowaomba wanandoa wazungumze kwa uwazi hakiwezi kuanza kwa kuwanyang'anya neno la kuzungumzia. Nilimwongezea pia kwamba "tendo la ndoa", ambalo mhariri alilipitisha bila taabu hata katika ukurasa unaowahusu vijana ambao hawajaoa wala kuolewa, lingestahili wino mwekundu zaidi. Aliipeleka. Wiki iliyofuata akanionyesha nakala ya mwisho. Raha imerudishwa mahali pamoja tu, ukurasa wa 6, palipoandikwa kwamba mama aliyejifungua asaidiwe kazi za nyumbani ili apate raha ya kulala.